Kisukari na mafuta kwenye damu: shilingi yako iende wapi kwanza

Mwenye kisukari ana matumizi yasiyoisha. Vijiti vya kupimia sukari vinaisha, metformini inaisha, nauli ya kliniki haipungui. Halafu daktari anaandika kwenye daftari: pima mafuta kwenye damu. Unatoka na karatasi mkononi na maswali matatu: kipimo kipi, dawa ipi, na pesa itoke wapi.

Jibu fupi ni hili. Lipia kipimo kamili cha mafuta mara chache. Nunua statini ya jeneriki, yaani dawa ya kushusha mafuta kwenye damu isiyo ya jina la kampuni, kila mwezi bila kuruka. Punguza mafuta na sukari jikoni. Na usitoe hata shilingi kwa chupa inayodai kusafisha mishipa.

Usiahirishe pia. Magonjwa ya moyo na kiharusi ndiyo yanayoongoza kuua watu wenye kisukari, na mafuta yakipanda kwenye damu hayaumi. Hutasikia kitu mpaka siku mambo yameharibika.

Kisukari kinavyovuruga mafuta

Kwenye kisukari cha aina ya 2, insulini ipo lakini haifanyi kazi yake sawasawa. Mafuta yaliyohifadhiwa mwilini humwagika kwenye damu, ini huyapokea na kuyarudisha kwa wingi kama trigliseridi. Kwa wagonjwa wengi picha ni ileile: trigliseridi juu, HDL, yaani lehemu (kolesteroli) nzuri, chini, na chembe za LDL, lehemu mbaya, zinakuwa ndogo na nzito. Chembe za namna hiyo hupenya kirahisi kwenye kuta za mishipa.

Hapo mnunuzi anatakiwa awe macho. LDL inaweza kuandikwa "kawaida" na hatari ikawepo palepale. Kipimo cha bei ya chini kabisa hakitakuonyesha.

Kipimo: lipia vyote vinne au tunza pesa yako

*Lehemu jumla peke yake.* Bei yake ni ndogo na hata maabara za mtaani zinacho. Kwa mwenye kisukari hakitoshi. Tazama majibu kama haya: lehemu jumla 4.9, HDL 0.8, trigliseridi 3.1, zote kwa mmol/L. Namba ya kwanza ikisimama peke yake utaambiwa uko salama, maana mpaka unaotumika sana ni 5.2. Lakini HDL ilitakiwa ivuke 1.0 kwa mwanamume na 1.3 kwa mwanamke, na trigliseridi ziwe chini ya 1.7. Mtu huyu ana tatizo, na kipimo cha bei rahisi kimemrudisha nyumbani bila dawa.

*Kipimo kamili.* Maabara hukiita lipidi profaili. Kina vipengele vinne: lehemu jumla, HDL, LDL na trigliseridi. Hiki ndicho cha kulipia. Uliza bei ya vyote kwa pamoja kabla hujakubali kutozwa kimojakimoja.

Kuna njia halali ya kubana matumizi hapa. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, huikokotoa. Huchukua lehemu jumla, hutoa HDL, kisha hutoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kwenye mfano wetu: 4.9 toa 0.8 toa 1.4, unabaki na 2.7. Ukitozwa LDL kama kipimo cha pembeni, uliza kama wanaipima kweli au wanapiga hesabu hiyohiyo. Hesabu hii haiaminiki trigliseridi zikizidi 4.5.

Namba nyingine ya bure ni lehemu isiyo HDL: lehemu jumla toa HDL. Kwa mtu wetu ni 4.1. Kwa mwenye kisukari aliye kwenye hatari kubwa, miongozo ya kimataifa hulenga LDL chini ya 1.8 na lehemu isiyo HDL chini ya 2.6. Kama karatasi yako imeandikwa kwa mg/dL, gawanya lehemu kwa 38.7 na trigliseridi kwa 88.6. Kwa hiyo 190 isikutishe kwa ukubwa wake, ni 4.9 ileile.

*Mashine ya kupimia lehemu nyumbani.* Iache. Nyingi hupima lehemu jumla tu, na vijiti vyake huharibika muda ukipita hata kama hujavitumia. Sukari unaipima mara kwa mara kwa sababu jibu linabadilisha unachokula au unachochoma leo. Lehemu haina uamuzi wa kila siku, hivyo mashine itakaa kabatini.

*Vifurushi vya "kupima mwili mzima".* Omba orodha kabla ya kulipa. Kama lipidi profaili haimo, ondoka. Kama imo pamoja na vipimo kumi ambavyo hakuna aliyekuandikia, linganisha na bei ya kuinunua peke yake. Ukiwa na ziada, iweke kwenye vipimo vinavyomhusu mwenye kisukari: wastani wa sukari wa miezi mitatu, kreatinini ya figo, na protini kwenye mkojo.

*Mashine za kushika mkononi zisizotoa damu.* Unashika chuma, kompyuta inachapa kurasa za majibu. Mafuta ya damu hupimwa kwenye damu. Hapo hakuna cha kulinganisha, usilipe.

Kufunga kula: gharama isiyo ya lazima

Wengi hurudishwa nyumbani kwa sababu walikunywa chai asubuhi. Hiyo ni nauli mara mbili na siku mbili za kazi. Tangu 2016 wataalamu wa Ulaya wamekubaliana kwamba kipimo cha kawaida cha mafuta hakihitaji kufunga. Ukirudishwa, uliza kwa heshima: "Daktari, naweza kupima bila kufunga, kisha nirudie nikiwa nimefunga kama trigliseridi zitazidi 4.5?"

Swali hili lina uzito zaidi kwa anayetumia insulini au glibenklamidi. Kufunga ukiwa umetumia dawa hizo kunaweza kukushusha sukari ukiwa kwenye foleni. Ukilazimika kufunga, ulizia jana yake dozi ya asubuhi uifanyeje, na beba kitu cha kula.

Kuhusu mara ngapi: pima unapogundulika, rudia wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza au kubadilisha dawa, kisha mara moja kwa mwaka mambo yakitulia. Kupima kila mwezi ni kumwaga pesa.

Dawa: statini kwanza, nyingine baadaye

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa CARDS, uliofanyika Uingereza na Ireland kwa watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya 2. Hawakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo na LDL zao hazikuwa za kutisha. Waliopewa atorvastatini ya miligramu 10, dozi ndogo kabisa, walipata matukio makubwa ya moyo na kiharusi pungufu kwa asilimia 37 kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Faida kwa mfuko wako iko hapa. Shirika la Afya Duniani linashauri statini kwa watu wenye kisukari cha aina ya 2 kuanzia umri wa miaka 40, lehemu iwe juu au isiwe. Maana yake, kama una miaka 52 na pesa inatosha kipimo au dawa, si vyote viwili, mwambie daktari wazi. Anaweza kukuanzishia dawa sasa na kipimo kikafuata mwezi ujao. Kusubiri kipimo mwaka mzima bila dawa ndiko kunakogharimu.

*Simvastatini.* Ni kongwe, ya bei ya chini, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dozi ya kawaida ni miligramu 20 hadi 40, na inamezwa jioni. Kasoro yake ni kugongana na dawa nyingine. Ukitumia amlodipini ya presha, simvastatini isizidi miligramu 20. Ukitumia dawa za VVU zenye ritonaviri, hairuhusiwi kabisa. Kwa kuwa wagonjwa wengi wa kisukari wana presha pia, ile bei nafuu inaweza isikufae.

*Atorvastatini.* Kwa wengi hili ndilo chaguo bora. Miligramu 10 hadi 20 zinatosha wengi. 40 hadi 80 ni kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, au mwenye hatari kubwa. Inamezwa saa yoyote, na mwenye figo dhaifu hahitaji kupunguziwa dozi. Hataza yake iliisha Marekani mwaka 2011, ndiyo maana leo viwanda vingi vinaitengeneza na bei imeshuka.

*Rosuvastatini.* Ina nguvu kwa miligramu chache: 5 hadi 10 hufanya kazi ya atorvastatini 10 hadi 20. Kama famasi yako inaiuza kwa bei ileile, sawa. Kama ni ghali zaidi na LDL yako inashuka vizuri kwa atorvastatini, hakuna sababu ya kuongeza pesa. Figo zikiwa zimechoka, dozi yake hupunguzwa.

*Jina la kampuni au jeneriki?* Jeneriki. Kiambato ni kilekile. Unachotakiwa kuhakikisha ni kwamba imesajiliwa, na TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasi na Sumu kwa Kenya, boksi halijafunguliwa, na tarehe ya mwisho iko mbali. Mfamasia akikuletea ya bei kubwa, muulize: "Ipo nyingine ya kiambato hikihiki na miligramu hizihizi, iliyosajiliwa, ya bei nafuu?" Mara nyingi ipo kwenye shelfu ya nyuma yake.

Piga hesabu ya mwaka

Bei ya karatasi moja ya vidonge kumi hudanganya macho. Uliza bei ya kidonge kimoja, zidisha kwa 365. Kwa mfano tu: kidonge kikiwa shilingi 200, mwaka ni 73,000. Kikiwa 600, ni 219,000. Weka bei za famasi mbili au tatu za mtaani kwako, utaona nani anakuumiza.

Angalia pia idadi ndani ya boksi. Boksi la vidonge 28 halimalizi mwezi; kwa mwaka utanunua maboksi 13. Likiwekwa pembeni ya boksi la 30 kwa bei ileile, la 30 ndilo nafuu.

Mbinu nyingine ni kugawa kidonge. Mara nyingi cha miligramu 40 hakiuzwi mara mbili ya bei ya cha 20. Daktari akikubali, nunua cha 40 na ukigawe nusu kwa nusu kwa kikata-vidonge, ili boksi moja litumike miezi miwili. Hii inafaa kwa atorvastatini za kawaida. Usigawe kapsuli wala dawa iliyotengenezwa kuyeyuka taratibu.

Kabla hujakubali dozi ya juu, jua hili: kuongeza statini maradufu hushusha LDL kwa takribani asilimia 6 tu zaidi. Sehemu kubwa ya faida iko kwenye dozi ya kwanza, inayomezwa kila siku. Mtu anayemeza miligramu 20 siku zote anamshinda anayenunua 80 na kukatisha kila pesa ikiisha.

Dawa za kuongezea

*Ezetimibe* huongeza upungufu wa LDL kwa karibu asilimia 20 juu ya statini. Ni nzuri, ila haipatikani kila famasi na ni gharama ya pili ya kila mwezi. Inafuata baada ya statini kupandishwa na bado LDL haijafika lengo, au misuli ikikataa dozi kubwa.

*Fenofibrati* hushusha trigliseridi. Wengi huandikiwa namba hiyo ikionekana imepanda. Lakini utafiti wa ACCORD wa 2010, kwa watu 5,518 wenye kisukari, ulionyesha kwamba kuiongeza juu ya simvastatini hakukupunguza matukio ya moyo kwa ujumla. Nafasi yake hasa ni trigliseridi zinapozidi 5.6 na kuendelea kupanda, maana hapo kongosho liko hatarini. Chini ya hapo, shughulikia kwanza sukari isiyodhibitiwa, pombe na soda. Sukari ikishuka, trigliseridi nyingi hushuka nayo, na hilo umeshalilipia kwenye metformini.

Chupa za virutubisho

Vitunguu swaumu vya kapsuli, mdalasini, manjano, mafuta ya samaki, chai za kusafisha damu: hapa ndipo pesa nyingi ya wagonjwa inapopotelea.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022 ulilinganisha rosuvastatini ya miligramu 5 na mafuta ya samaki, mdalasini, vitunguu swaumu, manjano, steroli za mimea na mchele mwekundu uliochachushwa. Baada ya siku 28, statini ilishusha LDL kwa karibu asilimia 38. Hakuna kirutubisho hata kimoja kati ya hivyo kilichoizidi kwa kiasi cha maana kapsuli isiyo na dawa.

Mafuta ya samaki ya gramu 1 kwa siku yalijaribiwa kwa watu zaidi ya 15,000 wenye kisukari kwenye utafiti wa ASCEND wa 2018. Hayakupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi.

Hesabu ya mfano tena: chupa ya 40,000 inayoisha kwa mwezi ni 480,000 kwa mwaka. Kwa ile atorvastatini ya shilingi 200, pesa hiyo ni zaidi ya miaka sita ya dawa. Vitunguu swaumu viendelee kukaa kwenye mchuzi. Huko vina kazi yake.

Jikoni: unapookoa pesa na mishipa kwa pamoja

*Mafuta ya kupikia.* Mafuta ya mawese yana mafuta mazito karibu nusu yake. Ya nazi yana zaidi ya robo tatu. Alizeti ni kama sehemu moja kwa kumi. Alizeti ya Singida au Dodoma inaweza kuuzwa ghali kuliko mawese yaliyoagizwa, lakini kuna njia ya kufidia: pima kwa kijiko badala ya kumimina. Lita iliyokuwa inakwenda wiki moja ikienda mbili, tofauti ya bei imejilipa. Soma lebo, "mafuta ya mimea" bila jina la mmea mara nyingi ni mawese.

*Kitoweo.* Dagaa wana mafuta yaleyale ya samaki yanayouzwa kwenye kapsuli, na pamoja nayo unapata kitoweo. Waoshe kupunguza chumvi, wachemshe au uwaunge kwa mafuta kidogo. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina nyuzi zinazosaidia kushusha LDL. Shayiri ya boksi inasifiwa kwa kazi hiyohiyo. Ukilinganisha kwa kilo, maharage yanashinda.

*Vya kuacha.* Soda, juisi ya sukari, chai yenye vijiko vitatu, na pombe hupandisha trigliseridi. Ukiviacha hulipi kitu, na pesa yake ya mwezi inaweza kutosha kununua statini.

Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, pia ni bure na kunasaidia trigliseridi na HDL.

Gharama zinazojificha

Kabla ya kukaa kwenye kiti cha maabara, uliza jumla: kufungua faili, kumwona daktari, kuchukua damu, kipimo chenyewe, na kumwona tena daktari kusomewa majibu. Bei iliyobandikwa ukutani huwa ni ya kipimo tu.

Bima ina masharti yake. Uliza kama lipidi profaili inalipiwa kwenye ngazi ya kituo unachokwenda, na kama statini uliyoandikiwa ipo kwenye orodha. Kenya, ambako SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hakikisha usajili na michango yako iko sawa kabla ya siku ya kliniki.

Vipimo vya ini havihitaji kurudiwa kila mara. Kimoja kabla ya kuanza statini kinatosha, mpaka dalili zijitokeze. Kipimo cha misuli ni kwa mwenye maumivu tu. Lakini misuli ikiuma sana na mkojo ukawa mweusi, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Hapo usibane pesa.

Mambo mawili ya kusema mapema. Mwanamke mjamzito au anayetarajia kubeba mimba amweleze daktari kabla ya kununua. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu aseme pia, maana hupunguza nguvu ya simvastatini na atorvastatini. Statini inaweza kupandisha sukari kidogo. Faida yake kwa moyo ni kubwa kuliko hicho kidogo, kwa hiyo usiiache kwa sababu hiyo.

Amua kwa pesa uliyonayo

*Pesa ya kitu kimoja, na una miaka 40 au zaidi:* mwone daktari wa kliniki ya kisukari, omba uandikiwe statini ya jeneriki, nunua ya mwezi mzima.

*Pesa ya vitu viwili:* ongeza lipidi profaili bila kufunga, ujue unaanzia wapi.

*Pesa ya vitatu:* panga kurudia kipimo ndani ya miezi mitatu. Kama LDL haijashuka, jambo la kwanza la kujiuliza ni kama ulimeza kila siku.

*Una miaka chini ya 40:* anza na kipimo kamili, umpelekee daktari. Dawa itategemea majibu, presha, figo, sigara na miaka uliyoishi na kisukari.

*Tayari umepata mshtuko wa moyo au kiharusi:* dawa kwanza, kwa dozi kubwa ambayo mwili wako utaikubali, hata kama italazimu kuahirisha matumizi mengine ya nyumbani. Ununue boksi la mwezi ujao kabla la sasa halijaisha.